Kabla ya kununua betri nyingine, pima wakati stata inazunguka

Wateja wengi hufika gerejini kwetu hapa Ngamiani, Tanga, wakiwa na jibu tayari. "Dada fundi, ni betri hiyo, nibadilishie tu." Gari limegoma asubuhi, jirani kasikiliza, kasema betri. Dereva wa bodaboda kasimama, naye kasema betri. Mwenye duka la spea, ambaye ana betri za kuuza, hakupinga.

Wakati mwingine ni kweli. Huku pwani betri hazidumu kama za Lushoto, kule kwenye baridi ya milimani, kwa sababu joto huharakisha kuliwa kwa sahani za risasi zilizomo ndani na hukausha maji yake. Betri iliyomaliza mwaka wa tatu nikiiona naishuku kabla sijafungua boneti vizuri. Lakini nimepokea magari mengi mno yaliyobadilishiwa betri, kisha stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, kisha swichi ya funguo, na ugonjwa ukabaki palepale. Kwa hiyo kwetu pana sharti: hakinunuliwi kitu kabla mita ya kupimia umeme haijasema. Na mita isiulizwe gari likiwa limetulia. Iulizwe wakati stata inazunguka.

Betri ya volti 12 ina seli 6, na kila seli ikijaa hutoa takriban volti 2.1. Ukiiacha ipumzike saa kadhaa bila kuguswa, betri iliyojaa husoma 12.6. Ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Mafundi wengi huishia hapo. Mita inasoma 12.6, wanasema betri nzima, wanaenda kung'oa stata. Tatizo ni kwamba mita yenyewe haivuti umeme wowote wa maana. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200 ikiwa inazunguka, na ile sekunde ya kwanza ya kuamsha injini huvuta zaidi. Dizeli kubwa kama Land Cruiser hula zaidi ya hapo. Kupima betri bila mzigo ni kama kupima nguvu za mchukuzi wa bandarini akiwa amekaa kwenye benchi anakunywa kahawa. Mtwishe gunia kwanza.

Basi weka mita kwenye volti za DC, ncha zake uziguse kwenye nguzo zenyewe za risasi juu ya betri, siyo kwenye tamino, vile vibano vya nyaya vilivyozishika. Mwambie mtu apige stata huku wewe unatazama namba. Ukitaka injini izunguke bila kuwaka, kwenye Toyota nyingi chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI. Namba ikibaki juu ya volti 10, betri inafanya kazi yake, na tatizo litafute kwingine. Ikiporomoka chini ya 9.6, na ulikuwa umeichaji ikajaa, hapo ndipo una haki ya kuizungumzia betri mpya. Nimesema ulikuwa umeichaji. Betri yenye njaa na betri iliyokufa huporomoka kwa namna ileile, na ukiihukumu kabla ya kuichaji utatupa betri nzima na kumwachia mteja kile kilichoimaliza chaji.

Nieleze gari moja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Lilikuwa Toyota IST la mwalimu wa sekondari anayefundisha Pongwe na kuishi Raskazone, karibu kabisa na bahari. Injini ilizunguka kivivu kila asubuhi, mara iwake, mara isiwake. Alikuwa ameshanunua betri mpya. Haikusaidia. Akashauriwa kwingine aweke stata nyingine, ya mtumba kutoka Japani, nayo ikazunguka kivivu vilevile. Alipofika kwetu alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetarajia kuambiwa anunue kitu cha tatu.

Nilimwambia, "Mwalimu, leo hununui kitu mpaka tujue umeme unapotelea wapi."

Mita kwenye nguzo za betri: 12.6. Kijana wetu akapiga stata, injini ikajikokota, na mita ikashuka hadi 11.3 tu. Hapo nilijua betri haina kosa. Betri iliyochoka ingeshuka hadi 8 au 7. Hii ilikuwa inabaki juu huku stata ikilia njaa, maana yake umeme upo, ila haufiki. Nikaingia chini na kuhamisha mita: ncha nyekundu kwenye bolti nene ya stata inakofungwa waya mkubwa wa betri, ncha nyeusi kwenye chuma cha stata yenyewe. Stata ikapigwa tena. 7.8. Kati ya betri na stata, safari isiyofika hata mita mbili, zilikuwa zimepotea volti tatu na nusu.

Sasa ni kuzisaka. Umeme una njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na watu husahau ya kurudi. Nikapima ya kwenda: ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye bolti nene ya stata, stata ikapigwa. 0.3. Hiyo inavumilika, mpaka 0.5 sina ugomvi nayo. Nikapima ya kurudi: ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. 3.2. Upande huo ukizidi 0.2 mimi naanza kufungua. Nikasogeza ncha hatua kwa hatua, kutoka nguzo kwenda tamino, tamino kwenda bodi, bodi kwenda gea boksi, na hasara yote ikakaa sehemu moja: pale waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, unapofungwa kwenye gea boksi.

Kwa nje waya ulionekana mzuri. Bolti imekaza, hakuna kilichocheza. Nilipoifungua, chini ya jicho la waya, ile pete ya kufungia bolti, palikuwa na unga wa kijani, na nilipochana plastiki, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi kwenda juu kiasi cha kiganja. Chumvi ya bahari iliingilia pale jichoni na kupanda ndani ya waya bila mtu kuona. Tukaweka waya mpya wenye unene uleule, jicho lake likabanwa kwa koleo lake, chuma cha gea boksi kikasuguliwa kwa msasa mpaka kikang'aa, bolti ikakazwa, na grisi ikapakwa juu baada ya kukaza. Tukapima tena. Njia ya kurudi ilipoteza 0.1, na stata ilipata 10.3. Betri sasa ilishuka hadi 10.8, chini kuliko mwanzo, na mwalimu akashtuka. Nikamweleza kwamba hiyo ni habari njema: stata sasa inavuta umeme wake wote, ndiyo maana betri inahisi mzigo.

Kuna kitu hapa kinachowapoteza hata mafundi wazuri. Waya ule ungeupima kwa omu, yaani ukinzani wake kwa umeme, mita ingepiga kelele na kuonyesha kwamba hauna shida. Fanya hesabu. Ikiwa zinapita ampea 100 na zinapotea volti 3.2, ukinzani wake ni omu 0.032. Nyaya za mita ya kawaida zenyewe zina ukinzani unaozidi huo mara kadhaa, kwa hiyo mita haiwezi kuuona. Na ukisukuma ampea 100 kwenye ukinzani huo mdogo unapata wati 320 za joto kwenye jicho moja la waya. Ndiyo maana nikikosa mita nampigisha mtu stata kwa sekunde chache, halafu napapasa viungo kwa mkono, taratibu. Kilicho cha moto kuliko wenzake ndicho kinachoiba.

Kama huna kifaa chochote, bado una masikio na taa za mbele.

Gari likilia tik-tik-tik-tik haraka haraka, hilo ni suala la volti ndogo karibu kila mara. Kwenye stata pana solenoidi, swichi ya sumaku yenye koili mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia. Ukigeuza funguo solenoidi inavuta, vipande vya shaba ndani yake vinagusana, stata inaanza kunywa umeme mwingi, volti zinaporomoka, koili ya kushikilia inaishiwa nguvu, springi inairudisha. Mzigo ukiondoka volti zinapanda, solenoidi inavuta tena. Mlio wa haraka ni hayo yanarudiwarudiwa. Kabla hujaita mtu, shika tamino za betri kwa mkono ujaribu kuzizungusha. Ikizunguka hata kidogo, au ina chumvichumvi nyeupe pembeni, umeshapata pa kuanzia: spana namba 10, msasa, na dakika chache. Anza na ya hasi kufungua, na iwe ya mwisho kufunga, ili spana ikigusa bodi isipige cheche. Sigara weka mbali, betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Tik moja nzito, halafu kimya, ni habari nyingine. Solenoidi imevuta, lakini stata haikuzunguka. Kwenye stata za Denso zilizo katika Toyota nyingi, vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi huliwa upande mmoja, na dalili yake ni kwamba unageuza funguo mara kadhaa unapata tik tu, kisha ghafla gari linawaka kama halikuwa na neno. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata. Inaniuma kuona stata nzima inatupwa kwa ajili ya shaba mbili. Ukigonga stata kwa mpini wa nyundo nayo ikazunguka, shuku kaboni kwanza, zile zinazopeleka umeme kwenye amecha, sehemu inayozunguka ndani ya stata: zimekwisha na haziigusi vizuri. Hata hizo hubadilishwa.

Kimya kabisa, bila hata tik, mara nyingi si betri na si stata. Washa taa za mbele, simamisha gari likitazama ukuta, kisha geuza funguo. Taa zikizimika karibu zote, betri imekwisha, tamino ni mbovu, au kuna kitu kimekwama na kinavuta umeme wote. Taa zikibaki vilevile, amri ya kuwasha haijafika kwenye stata. Kwa gari la otomatiki, toa P uweke N, ukanyage breki, ujaribu tena. Likiwaka, swichi iliyopo ubavuni mwa gea boksi, ile inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye gia, imechakaa au imesogea. Lisipowaka, nenda kwenye fyuzi, kisha rilei ya stata, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, ambayo mara nyingi unaweza kuibadilishana na ya honi kama namba na miguu vinalingana.

Bado kimya? Tafuta waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, ulioandikwa 50 au S kwenye michoro. Weka testa hapo, mtu ageuze funguo. Taa ya testa ikiwaka na solenoidi isivute, stata ndiyo ya kushushwa. Isipowaka, iache stata mahali pake na upande juu ukifuata waya. Na hapa Tanzania, unapopanda juu kuelekea swichi ya funguo, tarajia kukutana na alamu. Magari mengi yamefungwa alamu ya dukani inayokata waya wa stata, na kwa bahati mbaya nyingi zimeunganishwa kwa kusokota nyaya na kuzungushia utepe, bila lehemu. Baada ya mwaka mmoja wa mtikisiko na jasho la pwani, ule msokoto hushika saa za baridi na kuachia saa za joto. Nikikuta hivyo, navua utepe wote, nalehemu, nafunika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Siondoki na kuacha utepe juu ya utepe.

Magari ya kuwashwa kwa kitufe badala ya funguo yana lao. Mtu hunipigia usiku, gari liko nje ya msikiti au hospitalini, "fundi, nabonyeza halifanyi kitu, redio inawaka tu." Swali langu la kwanza ni: kanyaga breki, mtu aangalie nyuma, taa nyekundu zinawaka? Gari la kitufe hulisubiri neno la breki kabla ya kuamuru stata. Taa za breki zote zikiwa zimekufa kwa pamoja, basi ama fyuzi iliyoandikwa STOP imeungua au swichi iliyo juu ya pedali imekufa, na kompyuta haijui kwamba umekanyaga. Taa zikiwaka, swali la pili ni kuhusu rimoti. Betri yake ndogo ikichoka gari halikutambui. Kwenye Toyota nyingi unagusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, unasikia mlio, kisha unabonyeza ukiwa umekanyaga breki. Wengi wamerudi nyumbani usiku huohuo kwa maswali hayo mawili.

Mzee aliyenifundisha kazi alianzia kwenye Land Rover za kuwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Alinionyesha namna ya kuishika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, kwa maana injini ikirudisha teke hukivunja. Stata ya umeme iliyotuondolea kazi hiyo ilibuniwa na Charles Kettering na kuwekwa kwenye Cadillac mwaka 1912. Wengi waliamini mota ndogo haiwezi kuzungusha injini, na ilikuwa kweli kwa mota ya kufanya kazi mfululizo. Yeye alitengeneza mota ndogo ya kufanya kazi kwa nguvu kubwa muda mfupi tu. Stata zetu bado ni za aina hiyo. Ndiyo maana nawaambia vijana wa gerejini: piga kwa sekunde 10, pumzisha dakika moja, usiing'ang'anie mpaka inuke moshi.

Gari likishawaka usiondoke. Pima tena kwenye nguzo za betri, injini ikiwa inanguruma taratibu. Kati ya 13.8 na 14.5, altaneta, jenereta ya gari inayozungushwa na injini, inachaji. Ikibaki 12 na kitu, betri mpya itakufa kama ile ya zamani. Na hapa nina ombi zito kwa mafundi wenzangu: acheni kuchomoa tamino gari likiwa linawaka ili kuona kama altaneta inafanya kazi. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka makumi kwa muda mfupi, na zinapita kwenye dayodi za altaneta, zile zinazoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, na kompyuta ya injini. Kwenye gari la zamani la kabureta uliweza kupona. Kwenye IST au Noah unaweza kumwachia mteja deni kubwa kuliko betri, na asijue lilitoka wapi. Mita inatoa jibu lilelile bila kugusa spana.

Limebaki gari linalowaka vizuri kila siku lakini likikaa siku mbili limekufa. Hilo kuna kitu kinakunywa umeme likiwa limelala. Funga milango, funguo iwe mbali, unganisha mita ya ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, na uwe na subira. Kompyuta za gari huchukua nusu saa au zaidi kulala, ukisoma mapema utapata namba ya uongo. Wala usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Likishalala, chini ya miliampea 50 ni kawaida. Betri ya saa-ampea 45 ikivutwa miliampea 50 ingechukua zaidi ya mwezi kwisha. Ikivutwa nusu ampea itakwisha kwa saa 90, na itashindwa kupiga stata mapema zaidi, pengine siku ya pili. Kisha pita kwenye fyuzi moja moja ukipima milivolti juu ya vichwa vyake bila kuzichomoa, ili usiziamshe kompyuta. Fyuzi isiyo na kitu husoma sifuri. Inayosoma kitu, fuata waya wake. Nimewahi kufika kwenye redio iliyounganishwa moja kwa moja na betri, taa ya buti isiyozimika, kifaa cha kufuatilia gari alichokisahau mmiliki wa kwanza, na altaneta yenye dayodi iliyotoboka.

Kwa hiyo ukinipigia simu gari limegoma, usiniambie ni betri. Niambie linalia vipi ukigeuza funguo, taa za mbele zinafanya nini wakati huo, ni la otomatiki au la, lina alamu au halina, na lilikaa muda gani bila kuwashwa. Kama una mita, simu iwe kwenye spika, nguzo mbili, na mtu wa kupiga stata. Nisomee namba.